Pipi za Ng'ambo ya Korongo

Mwezi uliopita wenzangu wa kazini walikodi boti ya kutuzungusha ziwani, na mimi pekee nikabaki ufuoni nikilinda mikoba yao. Wananicheka mpaka leo. Wanasema mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, anaogopa maji kama paka. Niliwaacha waseme. Siogopi maji. Kijana wa boti alinivisha lile jaketi la rangi ya chungwa linalovaliwa majini, na kabla hajanifunga kamba za kifuani nikasikia harufu yake: ukungu wa nguo isiyokauka vizuri, petroli kidogo, na jasho la watu nisiowajua. Nikalivua papo hapo nikamrudishia. Harufu hiyo ninaijua tangu nikiwa darasa la tatu.

Nilizaliwa katika laini za wafanyakazi wa kampuni moja ya majani chai, upande wa Kericho. Ninyi wa rika langu mliokulia huko hamhitaji kuelezwa: nyumba zilizopangwa mistari, mvua ya alasiri iliyofika kwa saa yake kama mwalimu wa zamu, king'ora cha kiwanda, matope mekundu yasiyotoka kwenye soksi hata mama afue vipi. Chini ya mashamba palikuwa na mto. Kampuni ilikuwa imeuziba kwa ukuta wa zege ili ipate umeme wa kiwanda, na maji yakarudi nyuma, yakajaa korongo jembamba lenye kuta ndefu za mawe. Juu ya maji hayo kampuni iliweka boti ya injini ya kuwatembeza wageni wake. Na mtu aliyeiendesha boti hiyo, akiwaonyesha wageni hiki na kile, alikuwa baba yangu.

Sijui kama naweza kueleza raha ya kuwa mtoto wa mtu wa boti, mahali ambapo baba wa kila mtu alibeba kikapu cha majani mgongoni. Sisi watoto wa laini hatukuruhusiwa hata kusogelea gati. Tulipanda juu ya ukingo, tukalala kifudifudi kwenye nyasi, tukaitazama boti ikipita kule chini na baba amesimama nyuma, kofia yake nyeupe kichwani. "Huyo ni babangu," niliwaambia wenzangu, kana kwamba hawakumjua. Jioni alizifanyia mazoezi hadithi za wageni mbele yetu, jikoni, mwiko ukiwa ndio usukani. Mwamba huu ulikuwa na chui, pango lile lilikaliwa na mwizi wa ng'ombe. Nilizijua zote kwa moyo na niliziamini zote.

Baba alikuwa Mkipsigis wa upande wa Bomet. Mama ni Mkisii, kwao ni mbele ya Sotik. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa uwanja wa kati, ingawa kila mmoja aliingia uwanjani na viatu vya kwao. Baba hakuwa na b mwanzoni mwa neno, wala d, wala g, na mara nyingi hata katikati, na z yake ilikuwa s. Boti ilikuwa poti, dawa ilikuwa tawa, gunia lilikuwa kunia. Mama naye hakuwa na l. Kulala kwake kulikuwa kurara. Maneno ya mama nitayanyoosha hapa, maana yuko hai na anasoma. Ya baba nitayaacha yalivyokuwa, kwa sababu bila hayo sina cha kusimulia.

Mbele ya watu baba alimwita mama "pipi yangu". Alimaanisha bibi yangu, kama wanaume wote wa huko wanavyomwita mke. Wanawake wa laini walicheka hadi wakashika mbavu, na mama hakumrekebisha hata siku moja. Mimi sikujua kwamba kuna kosa lolote. Nilidhani anamwita mtamu, na niliona ni jambo zuri sana kwa mwanaume kumwita mkewe hivyo hadharani.

Mwaka ule baba alianza kusafiri kwenda Longisa mara kwa mara. Baba mdogo, ndugu yake wa mwisho, alikuwa amelazwa hospitalini kule. Ndivyo tulivyoambiwa. Kabla ya kula nilipiga magoti nikamwombea baba mdogo apone, na mama akaitikia "Amina" kwa sauti kubwa. Ugonjwa wenyewe haukutajwa jina. Mtoto haulizi jina la ugonjwa, anaomba tu.

Habari za boti aliniletea mama. Nilikuwa nachambua mboga.

"Kemunto," akasema. Hilo ndilo jina la kwao alilonipa. Baba aliniita Chebet. "Babako atakupeleka kwa boti Jumamosi."

"Mimi?"

"Wewe. Si umefanya vizuri shuleni? Nimemwambia lazima akupeleke. Amesema wageni ni wachache, meneja hatasumbua."

Nilitupa mboga nikakimbia nje kutangaza. Ijumaa mama alinisuka nywele, akivuta mpaka macho yakataka kutoka. Jumamosi alinivalisha gauni la Krismasi, lile la kola nyeupe, akanipaka mafuta hadi magotini. Akanishika kidevu. "Fungua macho huko," akaniambia. "Usiwe mjinga." Nilidhani anaogopa nisianguke majini.

Baba hakuwa na furaha asubuhi ile. Tulitembea hadi gatini akitangulia. Lakini tulipofika alinivisha jaketi kwa mikono yake mwenyewe. Lilinifika magotini. Lilinuka vile nilivyosema, na wakati ule niliona ni harufu tamu kuliko mkate.

Wageni walikuwa wazungu wawili, mwanaume na mwanamke, pamoja na mzee mnene wa Nairobi na mkewe aliyevaa kofia pana ya majani. Nyuma, karibu na injini, alikaa Wafula, fundi wa boti, mtu wa Bungoma aliyependa kunitania. "Leo meneja mpya amekuja," akasema aliponiona. "Mheshimiwa, tuondoke?" Nikamwambia tuondoke. Injini ikakohoa, ikashika, na ukingo ule niliokuwa nikilala juu yake na wenzangu ukaanza kurudi nyuma. Walikuwa pale juu. Niliwapungia mkono kama malkia.

Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mwanzoni korongo lilikuwa pana na majani chai yalionekana juu pande zote mbili, kisha kuta zikakaribiana, mashamba yakapotea, na baridi ikatushukia. Mizizi ya mikuyu ilining'inia kutoka kwenye nyufa za mawe. Mbega walikaa juu ya matawi na mikia yao meupe, wakitutazama bila haraka. Hondohondo alipita akipiga kelele, na kelele zake zikarudi kutoka ukuta wa pili, mzungu mwanamke akashika kifua. Nilicheka. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena mahali popote, na hilo ndilo linalonikasirisha hadi leo, kwamba siku yenyewe ilikuwa nzuri kweli.

Baba alibadilika mbele ya wageni. Sauti ikapanda, mgongo ukanyooka.

"Wageni, sasa mkiangalia huko juu, hiyo jiwe tunaita jiwe ya chui. Chui mmoja alikuwa analala hapo, anangojea ng'ombe ya watu ikuje kukunywa maji. Wasee walimchunga siku mingi."

"Walimwua?" akauliza mama wa kofia.

"Hapana, mama. Alisikia aipu, akaenda."

Wote wakacheka. Baba akanikonyeza. Aibu ya chui ilikuwa nyongeza mpya, hakuwa ameisema jikoni, na nilijivuna kwa kuwa mimi pekee ndiye niliyejua ni mpya.

Mwisho wa korongo palikuwa na maporomoko, na boti haikuweza kupita hapo. Wageni walishuka kwenye mwamba mpana ulio kavu, Wafula akawatolea chupa za chai na sandwichi zilizofungwa kwa karatasi. Ng'ambo ya pili, njia nyembamba ilipanda kati ya vichaka kwenda juu, nje ya mpaka wa kampuni, kwenye mashamba ya watu. Baba alimvuta Wafula kando, lakini maji yalikuwa na kelele na ikabidi aongee kwa nguvu.

"Naenda kuona pipi kitoko, narudi sasa hivi."

"Na huyu?" Wafula akanitazama.

"Nitaenda na yeye. Nitafanya nini? Mama yake amelasimisha."

Mimi nilisikia neno moja tu. Pipi! Mdomo ukajaa mate. Kumbe huko juu kulikuwa na duka, na baba hakutaka wageni wajue, pengine zingekwisha. Wafula alinivusha kwa boti pamoja na baba, na safari hii hakunitania. Aliniinua akaniweka nchi kavu polepole kama mayai.

Tulipanda. Nilikuwa nimevaa bado lile jaketi na lilinipiga magotini kila hatua, lakini sikulalamika. Niliwaza zile pipi za ndimu zenye chumvichumvi, na zile nyekundu zinazopaka ulimi rangi. Nilikwishaamua nitakula moja na kumpelekea mama nyingine. Tulipofika juu hapakuwa na duka. Palikuwa na boma lenye ua mpya, mahindi yaliyopaliwa vizuri, ng'ombe mmoja, na nyumba ya mabati ambayo haikuwa imepata kutu hata kidogo.

Baba aliingia bila kupiga hodi. Akavua kofia yake nyeupe, akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akaitundika kwenye msumari bila kuutazama. Nyumbani kwetu kofia hiyo aliitupa popote na mama akaiokota. Nikasimama mlangoni nikiutazama msumari ule.

Msichana akatoka chumba cha ndani. Nasema msichana kwa sababu hakuwa mkubwa sana kuliko wale waliotufundisha shule ya Jumapili. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, na kifuani alikuwa na mtoto mchanga aliyelala mdomo wazi. Akaniamkia, "Chamgei," kwa upole, akanipa kiti kidogo. Kisha akaniletea kikombe cha mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye masizi, ambayo mama hakuyaweka nyumbani kwa sababu hakuipenda harufu yake. Wakaongea Kikipsigis, na mimi Kikipsigis changu kilikuwa cha salamu na cha kufukuza kuku. Nikangoja. Nilingoja kwa adabu kadiri nilivyoweza.

"Baba," nikasema mwishowe, "pipi ziko wapi?"

Yule msichana akamtazama baba, kisha akanitazama mimi, na akacheka kidogo akijifunika mdomo. Hakuwa na ubaya. Alidhani ninamtania.

"Pipi ni mimi," akasema.

Ndipo maneno yote ya nyumbani kwetu yakajipanga upya kichwani. Poti ni boti. Tawa ni dawa. Na pipi yangu, ile iliyowachekesha wanawake wa laini, haikuwa na utamu wowote ndani yake. Ilikuwa ni bibi tu, na bibi walikuwa wawili.

"Huyu alisaliwa Longisa," baba akasema, akimchukua mtoto mikononi. Alisema hivyo kwa sababu hakujua aseme nini kingine, nadhani. "Ni ndugu yako. Shika."

Basi huyo ndiye baba mdogo niliyemwombea. Jinsi nilivyopiga magoti! Nilimshika mtoto, alikuwa mzito na moto, akafungua jicho moja akalifunga.

"Anaitwa nani?"

"Kibet."

Asiyejua Kikipsigis hataona kitu hapo. Chebet ni msichana aliyezaliwa mchana jua likiwa juu. Kibet ni mvulana aliyezaliwa saa hizo hizo. Ni jina moja, linabadilishwa kichwa tu. Labda kweli alizaliwa mchana, sijui. Watoto wengi huzaliwa mchana. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane, na nilichoelewa ni kwamba baba alikuwa amenitengeneza upya, mvulana safari hii, na nyumba mpya, na mama asiyekosea Kikipsigis. Nilimrudisha mtoto. Nikasema nataka kwenda.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba ilikuwa ndefu, ilipita korongo zima, kwenda na kurudi, na wageni ndani. Tuliporudi kwenye boti sauti yake ikapanda tena, mgongo ukanyooka tena, na hapo ndipo nilipomchukia. Alikuwa yuleyule kabisa. Hakuna kilichotetemeka. Mzee wa Nairobi, aliyekuwa ameshiba sasa, akamwomba aseme tena ile ya chui, ampige picha akionyesha.

"Hiyo jiwe, wageni, chui mmoja alikuwa analala hapo..."

"Hakuna chui," nikasema. "Hajawahi kuwa. Anatunga."

Boti nzima ikaangua kicheko. Mama wa kofia alinikumbatia. "Haiya! Mtoto ametuambia ukweli," akasema, "mzee, umepatikana!" Baba naye alicheka. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na mkono wake, na niliuona ukikaza usukani. Wafula aliangalia injini yake.

Tukiwa njiani kwenda nyumbani, baba alichuchumaa mbele yangu katikati ya chai. Kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama usoni.

"Chebet, maneno ya leo ni ya mimi na wewe. Ukiambia mama yako atalia. Na ni wewe utakuwa umemlisa, si mimi."

Nilisema ndiyo. Ningesema nini? Lakini tangu kwenye boti nilikuwa nimeshaamua. Mama yangu hangekuwa mjinga wa laini nzima huku mimi najua. Nilifikiria jinsi watu wanavyopeleka habari za msiba: hawaropoki, humketisha mtu kwanza, humpa maji. Baba alipopitia kwa rafiki yake, mimi nilikwenda moja kwa moja jikoni. Mama alikuwa anakoroga uji wa mdogo wangu.

"Mama, kaa chini kwanza."

Akakaa kwenye kigoda. Nikamchotea maji kwenye kikombe. Akayapokea, hakuyanywa.

"Baba ana bibi mwingine. Yuko juu ya korongo."

Sikuona kitu usoni mwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimejiandaa hata kumshika akianguka.

"Mtoto ni kijana au msichana?" akauliza.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mimi sikuwa nimemtaja mtoto.

"Kijana," nikasema.

"Nyumba ni ya mabati? Vyumba vingapi? Alikusalimia vizuri?"

Nikajibu yote. Nilijibu kama mtu anayesoma ubaoni. Ana ng'ombe? Mmoja. Ni mweusi au mweupe? Ni wa kati. Kila jibu alilichukua akaliweka mahali pake, na nikaona kwamba mahali pote palikuwa tayari, kwamba alikuwa anajua kila kitu isipokuwa vipimo. Boti haikuwa zawadi ya shule. Hata zile "Amina" alizoitikia kila jioni, alikuwa anaitikia akijua ni nani yuko Longisa.

"Wamemwita nani?"

"Kibet."

Hapo ndipo mkono uliokuwa na mwiko ulisimama. Hilo hakulijua. Uji ukaanza kushika chini, tukaisikia harufu yake sote wawili, hakuna aliyeuondoa motoni. Kisha mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, na nilimngoja anivute kifuani.

"Nyamaza," akasema. "Babako akikukuta unalia atajua nimekuuliza."

Nimekua nikielewa mambo. Naelewa kwamba baba alibanwa na watu wa kwao. Wakati ule wa vurugu za mpakani, Wakipsigis na Wakisii wakipigana, walimwuliza nani atamzika ikiwa mke wake atakimbilia Kisii. Naelewa kwamba mama alikuwa mgeni kila mahali, kwa watu wa mumewe na baadaye hata kwao. Miaka mingi baadaye nilimwuliza kwa nini alinituma mimi. Akasema, "Nilitaka jicho langu lifike. Mimi singeweza kwenda." Na mimi je? "Wewe ulikuwa mtoto. Watoto husahau." Baba alipofariki wale wanawake wawili walikaa benchi moja, wakafunikana shuka moja kwa baridi, na Kibet, kijana mrefu mwenye adabu, alinishika mkono kaburini nikamwachia anishike. Simlaumu. Naye hakuchagua jina.

Baba nilimsamehe kabla hajazikwa. Hakuwahi kuniambia kwamba safari ile ilikuwa zawadi yangu. Mama ndiye aliyeniambia, akanisuka, akanipaka mafuta. Sasa anaishi nami, ana chumba chake, dawa zake nampa mimi kwa mkono wangu, na jioni nikitoka kazini hunifuata jikoni na kuketi. Anauliza habari za ofisini, za watoto, za mume wangu. Namwambia hakuna jipya. Juzi alinitazama kwa muda mrefu, akasema kwa unyonge, "Kemunto, mbona siku hizi huniambii kitu?"

Nikamwambia nimechoka tu. Lakini si siku hizi, mama. Ni tangu Jumamosi ile.